Fukusi wa maharagwe huanzia shambani

WAKULIMA wengi wa Kisii na Nyamira hulaumu ghala maharagwe yao yanapotobolewa, ilhali adui huyo mara nyingi hutoka naye shambani.

Fukusi huyo, ajulikanaye kisayansi kama Acanthoscelides obtectus, hustawi hata katika nyanda za juu zenye baridi. Jike hutaga mayai ndani ya maganda yanayokauka shambani. Ghalani huyaacha ovyo kati ya punje.

Buu linapoanguliwa hutoboa punje, likaishi humo likila kwa ndani. Fukusi akikomaa husukuma kijidirisha cha ganda kilichosalia na kutoka, akiacha tundu la mviringo. Katika joto la nyuzi 30 hatua hizo huchukua takriban wiki nne. Penye baridi, huchukua muda zaidi.

Hasara huwa maradufu: chakula huharibika na mbegu ya msimu ujao hupoteza uwezo wa kuota.

Mkulima hana budi kuvuna mara maharagwe yakaukapo, kuyaanika vyema, kuyachekecha, kisha kuyahifadhi katika magunia yasiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni.