Mvukizo na Mvunjiko

Maji ya Ziwa Singidani yakaukapo juani, mwalimu wa Singida husema yamevukizwa: maji hubaki maji, chumvi hubaki chumvi. Neno hilo halifai kwa borohaidraidi ya lithiamu, chumvi inayochunguzwa kuwa ghala la nishati. Haidrojeni ni asilimia 18.5 ya uzito wake, nayo imefungamana na boroni. Chumvi hii huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi 275 hivi. Haidrojeni iliyo nyingi hutoka baada ya 400, vifungo vivunjikapo, zikasalia boroni na haidraidi ya lithiamu. Istilahi ifaayo, basi, ni “mvunjiko”. Mfasiri akiandika “mvukizo”, msomaji atadhani haidrojeni hurudishwa kama maji kwenye chumvi. Kumbe huhitaji joto na kanieneo kubwa.