Kufuli halitoshi kutunza siri

Wahenga walisema kuta zina masikio. Leo tuyatazame macho ya mtu aliye nje ya ukuta.

Chukua mfano wa zahanati. Faili la mgonjwa limefungiwa kabatini, na muuguzi hasemi neno. Lakini wagonjwa wa kifua kikuu wametengewa siku yao, benchi lao na dirisha lao la dawa. Jirani aliyeketi barazani ng'ambo ya barabara anamwona mtu akiingia, akikaa benchi lile, akitoka na mfuko. Faili hakuligusa, lakini siri ameshaipata. Mgonjwa akilitambua hilo, safari ijayo haji. Na dozi ya kifua kikuu ikikatizwa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Ndivyo ilivyo kwa mitambo yote inayokwenda hatua kwa hatua: lifti, kiwanda, mashine ya kutolea fedha, mtandao wa kompyuta. Mtu wa nje haoni kila hatua, ila anaujua utaratibu, na kwa hatua chache anazoziona hukisia zilizobaki. Mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba muda unaopita kati ya herufi moja na nyingine, mtu anapopiga neno la siri, unaweza kumsaidia mwizi kulikisia, hata kama ujumbe wenyewe umefumbwa.

Basi siri ilindwe vipi? Mwaka 2005, watafiti wa Uingereza na Ufaransa walieleza kanuni yake kwa mitambo ya namna hii. Siri iko salama iwapo kila njia inayoigusa ina njia nyingine, isiyo na siri, ambayo kwa mtazamaji wa nje inafanana nayo kabisa. Aone, lakini asijue ni ipi.

Kuifikia hali hiyo kuna njia mbili kubwa: kuzuia hatua zinazofichua, au kuchanganya na hatua za bandia ili mtazamaji apotee. Zote zina gharama, kwani kazi halali lazima iendelee.

Turudi zahanati. Mlango uwe mmoja, benchi moja, dirisha moja, mifuko ya rangi moja, kila siku. Jirani ataendelea kutazama, lakini atakachoona ni mtu aliyeingia akatoka.

Kwa hiyo, wewe unayetunza siri za watu, ukishafunga kabati, vuka barabara. Kaa barazani, utazame kutoka huko.