Ritifaa ya Ng'wandu

Fungua daftari la mikopo la duka lolote la jumla Mkuyuni, Mwanza, kwenye barabara ya kuelekea Butimba na Nyegezi, utakuta majina ya Kisukuma yenye ritifaa: Ng'wandu, Ng'hwani, Ng'wigulu. Kalamu haina tatizo nayo. Tatizo huanza siku daftari linapohamishiwa kwenye kompyuta.

Katika SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, ritifaa moja ndiyo alama ya kufungua na kufunga maandishi. Mwandishi wa programu akibandika jina moja kwa moja ndani ya amri, ritifaa ya Ng'wandu inafunga maandishi baada ya "Ng", na "wandu" iliyobaki inasomwa kama sehemu ya amri. Hifadhidata inakataa. Mteja anaambiwa mtandao unasumbua, kisha karani anaandika "Ngwandu" ili kazi iende. Kuanzia hapo mtu mmoja ana akaunti mbili: deni liko huku, malipo yako kule. Tena tundu hilohilo ndilo wanalopitia wezi, kwa kuandika amri yao kwenye nafasi ya jina.

Dawa yake ni ya zamani. Tangu miaka ya 1990 kanuni ya lugha ya Python ya kuongea na hifadhidata inaruhusu kupeleka amri peke yake na thamani zake peke yake. Lakini kubandika ni rahisi, hasa baada ya Python 3.6 ya mwaka 2016 kuleta maandishi yanayopokea thamani katikati ya sentensi, na watu wameendelea kubandika. Kilichobadilika miaka hii ni kwamba kosa linaweza kuonekana kabla programu haijaendeshwa.

Python ilipata vidokezo rasmi vya aina katika toleo la 3.5, mwaka 2015: hapa pana namba, hapa maandishi, hapa huenda hapana kitu. Yenyewe haivitumii inapoendesha programu. Wanaovisoma ni wakaguzi, kama mypy, iliyoanzishwa na Jukka Lehtosalo alipokuwa mwanafunzi wa udaktari Cambridge, na Pyright ya Microsoft. Muuza samaki anapoandika bei ya sato kwenye fomu, bei hiyo hufika kama maandishi. Ukizidisha "8500" kwa kilo 3, Python inakupa 850085008500 bila kulalamika. Mkaguzi analikamata hilo ukiwa bado unaandika, mradi umeeleza kwamba bei ni namba.

Toleo la 3.11, la Oktoba 2022, liliongeza aina iitwayo LiteralString: maandishi ambayo mwandishi ameyaandika mwenyewe ndani ya programu, yakitenganishwa na yaliyotoka kwa mtumiaji. Psycopg 3, inayounganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL, imeitumia kwenye mlango wa amri zake. Bandika jina la mteja ndani ya amri, na Pyright inachora mstari mwekundu chini yake papo hapo. Mypy kwa muda mrefu imeihesabu aina hii kuwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo anayetegemea mypy peke yake haoni onyo.

Toleo la 3.14, Oktoba 2025, limekwenda mbali zaidi kwa kuleta violezo vya maandishi. Unaandika kwa urahisi uleule wa kubandika, ila kinachotoka ni kiolezo ambacho ndani yake amri na thamani bado zimetengana. Psycopg 3.3 inakipokea na kupeleka kila kimoja kwa njia yake. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko mengine yote hapa, kwa sababu limeifanya njia salama kuwa ndiyo njia rahisi.

SQLAlchemy nayo, maktaba nyingine ya Python ya hifadhidata, katika toleo la 2.0 la Januari 2023 imeunganisha vidokezo na jedwali lenyewe. Ukisema safu ni maandishi, mkaguzi anajua na hifadhidata inakataa nafasi tupu. Ukisema yanaweza kukosekana, mkaguzi na hifadhidata wote wanakubali. Lakini hakuna mkaguzi anayekuchagulia aina. Ukitangaza namba ya simu kuwa namba kamili, atakupitisha, na 0754 itahifadhiwa kama 754. Hali kadhalika, mtu akibadilisha jedwali kwa mkono usiku, vidokezo vyako vitabaki vikieleza jedwali la jana.

Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, ina mkasa wake, nayo si ngeni kwetu: openIMIS, mfumo wa bima uliochipuka kutoka Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) wa Dodoma, unaitumia upande wa seva, na DjangoCon Africa imefanyika Zanzibar mwaka 2023 na Arusha mwaka 2025. Majedwali yake huzaa sifa nyingi programu inapoendeshwa, na mypy huzielewa kwa msaada wa kiongezi cha django-stubs. Wakaguzi wapya walioandikwa kwa lugha ya Rust, ty ya Astral na Pyrefly ya Meta, wana kasi kubwa sana, lakini hawapokei viongezi vya mypy. Mwenye mradi wa Django abaki na mypy kwa sasa. Anayeandika SQL yake mwenyewe aanze leo na Pyright, tena aanzie kwenye faili zinazogusa hifadhidata. Ukurasa wa rangi na vitufe unaweza kusubiri.