Chatu Wangu Alipoatamia

Watu wengi wakimwona chatu hukimbilia panga. Mimi nimemlea mmoja kwa miaka sita katika bustani ya nyoka huku Pwani, na mwaka jana alitaga.

Dalili niliziona mapema. Alikataa kuku, akawa anaota jua kutwa. Nikamwekea nyasi kavu gizani na karai la maji. Alfajiri moja nilimkuta amejizungusha juu ya mayai 34, meupe, ganda laini kama ngozi.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku ya tatu yai moja lilibingirika kando. Nililipangusa nikalirudisha, bila kuangalia upande uliokuwa juu. Kumbe yai la nyoka si la kuku, halipinduliwi! Lilioza. Tangu hapo natia alama ya penseli kabla sijagusa lolote.

Karibu siku 90 hakula. Alitoka tu kuota jua, kisha akarudi kuwapa wanawe joto hilo. Nami nikakonda kwa wasiwasi, hata mke wangu akaniuliza, "Baba Salma, nawe unaatamia?"

Mwenzangu kazini, Mjaluo wa Nyakach, hakucheka. Kwao chatu ni mvua na mavuno, na Omieri alipoungua mwaka 1987 watu walihuzunika kama waliofiwa. Kila asubuhi aliniuliza, "Mama ameamkaje?"

Mayai yalipopasuka na vichwa kuchungulia, nilimpelekea kuku. Hakumgusa. Aliendelea kuwazunguka watoto wake, akala siku ya 12.