Kuchuchumaa na Mzigo: Wenzo Uliomo Kiunoni Mwetu

Kisiwa cha Mafia kinajulikana sana kwa minazi yake. Katika mashamba ya kisiwa hicho nazi huanguliwa, hukusanywa, hufuliwa kwenye kifuo, hutiwa maguniani, kisha hupelekwa Kilindoni, makao makuu ya wilaya, ili zipakiwe katika vyombo vya kuvukia bara. Katika kila hatua ya safari hiyo yupo mtu anayechuchumaa, anayeshika mzigo na kuinuka nao. Tendo hilo ni la kawaida mno hata hakuna anayelitafakari. Hata hivyo ndani yake zimo kanuni za wenzo zifundishwazo katika madarasa ya fizikia, na uzima wa kiuno cha mchukuzi hutegemea kwa kiasi kikubwa jinsi kanuni hizo zinavyofuatwa.

Wengi wetu tumepata kuusikia ushauri usemao kwamba mzigo uinuliwe kwa miguu, usiinuliwe kwa mgongo. Ushauri huo una ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Makala haya yanakusudia kuieleza nusu ya pili: kwamba jambo kubwa ni umbali uliopo baina ya mzigo na kiuno, na kwamba kuchuchumaa hufaa pale tu kunapoupunguza umbali huo.

Wenzo wa kiuno

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na baina ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu chenye kiini laini. Mtu anapoinama, kiungo kilichopo chini kabisa ya kiuno huwa egemeo. Mbele ya egemeo hilo kuna mizigo miwili: uzito wa kiwiliwili pamoja na kichwa na mikono, na uzito wa kitu kinachoinuliwa. Nyuma yake kuna misuli ya mgongo, ambayo ndiyo jitihada. Misuli hiyo imekaa karibu sana na egemeo, yapata sentimeta 5 au 6 tu.

Tuchukulie kwamba sehemu ya juu ya mwili wa mtu ina uzito wa nyutoni 300, na kitovu cha uzito huo kipo sentimeta 20 mbele ya egemeo. Mtu huyo anainua ndoo ya maji ya lita 20, yaani nyutoni 200, iliyo sentimeta 30 mbele ya egemeo. Momenti ya kiwiliwili ni 300 × 0.20, yaani nyutoni-meta 60. Momenti ya ndoo ni 200 × 0.30, nayo pia ni 60. Jumla ni 120. Ikiwa misuli ipo sentimeta 6 kutoka kwenye egemeo, haina budi kuvuta kwa kani ya 120 ÷ 0.06, yaani nyutoni 2,000. Basi kuinua ndoo ya kilo 20 huitaka misuli ivute kana kwamba imening'iniza kilo 200; na kani hiyo yote hukikandamiza kisahani cha gegedu.

Sasa ndoo ile ile na isogezwe mpaka sentimeta 60. Momenti yake itakuwa 120, jumla itakuwa 180, na misuli itavuta kwa nyutoni 3,000. Maji hayakuongezeka hata tone moja, lakini kiuno kimetwishwa nyutoni 1,000 zaidi.

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1981, ilitaja mkandamizo wa nyutoni 3,400 kuwa kiwango ambacho kikizidishwa, hatari kwa kiuno huongezeka. Katika kanuni iliyorekebishwa mwaka 1991, taasisi hiyo ilipendekeza uzito usiozidi kilo 23 pale hali zote zinapokuwa nzuri, na mzigo uwe sentimeta 25 kutoka katikati ya vifundo vya miguu. Mzigo huo ukiwa sentimeta 50, uzito unaopendekezwa hupungua kwa nusu. Hesabu yetu ya ndoo inatuonyesha sababu.

Ndoo si gunia

Hapo ndipo ushauri ule tuliotangulia kuutaja unapohitaji kufafanuliwa. Ndoo ni nyembamba. Mtu aweza kuipanulia miguu, akachuchumaa, akaipitisha baina ya magoti na kuiinua ikiwa karibu na tumbo lake. Kuchuchumaa hapo kumemfaa, kwa kuwa kumeuleta mzigo karibu.

Gunia lililojaa nazi halipiti baina ya magoti. Mtu akilichuchumalia kwa mbele, magoti yake humtenga nalo. Hulazimika kunyoosha mikono na kulishika kwa mbali. Mgongo wake waweza kuonekana umenyooka, lakini umbali wa mzigo umekuwa mkubwa kuliko pale ambapo angeliinama tu. Umbo zuri la mwili halimwokoi mtu ambaye mzigo wake uko mbali.

Magoti nayo

Mwili uliochuchumaa husimama imara ikiwa tu mstari wa uzito unapita juu ya nyayo. Watazame kwa ubavu wanyanyua vyuma wanapochuchumaa na chuma mabegani: chuma hupanda na kushuka karibu katika mstari mmoja ulionyooka, juu ya katikati ya unyayo. Mnyanyuaji akiinamisha kiwiliwili mbele, kazi kubwa huenda nyongani na kiunoni. Akikisimamisha wima, magoti husogea mbele na kazi kubwa huenda mapajani na magotini. Mzigo haupotei; hugawanywa upya baina ya viungo.

Kadiri mtu anavyoteremka, momenti katika goti huongezeka, na huwa kubwa paja linapokaribia kulala sambamba na ardhi. Akiteremka zaidi, shavu la mguu hugusana na paja na kupokea sehemu ya uzito. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani, Karl Klein, alidai kuwa kuchuchumaa mpaka chini kabisa hulegeza kano za goti, na hofu hiyo ikaenea kwa miaka mingi. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2013 na Hagen Hartmann na wenzake wa Ujerumani haikuona kwamba tendo hilo hulidhuru goti zima la mtu aliyefunzwa vyema. Lakini kuchuchumaa kwa saa nyingi kila siku ni jambo jingine: utafiti uliofanywa Beijing na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta uhusiano baina ya mazoea hayo na ugonjwa wa kulika kwa gegedu za magoti uzeeni.

Tusidhani basi kwamba kuchuchumaa kwenyewe ni kubaya. Hapa Tanzania, watafiti walipima misuli ya Wahadza waishio karibu na Ziwa Eyasi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Wahadza hupumzika takribani saa 10 kwa siku, lakini mara nyingi hupumzika wakiwa wamechuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu yao hufanya kazi zaidi kuliko ya mtu aliyekaa kitini.

Hekima ya kutwishana

Ikiwa gunia haliwezi kuletwa karibu kwa kuchuchumaa, lifanyweje? Jibu limo katika lugha yetu: hutwikwa. Mzigo uliotwikwa kichwani juu ya kata umekaa juu ya uti wa mgongo wenyewe, na umbali wake kutoka kwenye egemeo ni mdogo sana. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walieleza kuwa wanawake wa Kijaluo waliochukua mzigo kichwani, na wa Kikikuyu waliouchukua kwa mkanda uliopita kwenye kipaji cha uso, waliweza kuchukua mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nishati zaidi. Utafiti wa baadaye nchini Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2010, haukuiona nafuu hiyo kwa jumla. Na shingo nayo ina mipaka yake.

Hatari kubwa ya kiuno, basi, imo katika nyakati mbili fupi: kutwika na kutua. Ndiyo maana wachukuzi hutwishana. Watu wawili wakishika gunia kila mmoja upande wake, uzito umegawanyika, na kila mmoja aweza kusimama karibu nalo. Hapo hesabu imepunguzwa mara mbili, kwa uzito na kwa umbali.

Hata hivyo ustadi haufuti uzito. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa upeo wa mzigo wa mwanamume mzima, na likataka vijana wachukue mizigo iliyo myepesi zaidi sana. Gunia la lumbesa huupita upeo huo kwa mbali. Kijana wa shule anayelichuchumalia peke yake hatalindwa na mkao wowote.

Jaribio la darasani

Ning'iniza rula ya meta moja kwa uzi kwenye alama ya sentimeta 10. Hilo ni egemeo. Funga mizani ya springi kwenye alama ya sentimeta 4, uivute kuelekea chini mpaka rula ilale sawa, kisha soma kipimo. Kani hiyo inatokana na uzito wa rula yenyewe, nayo ni mfano wa kiwiliwili. Sasa tundika jiwe la gramu 200 kwenye alama ya 40, yaani sentimeta 30 kutoka kwenye egemeo. Kipimo kitaongezeka kwa nyutoni 10 hivi. Lisogeze jiwe mpaka alama ya 70, na ongezeko litakuwa nyutoni 20. Wanafunzi na waishike mizani hiyo kwa zamu, ili kila mmoja ahisi mkononi mwake kile ambacho kiuno huhisi.

Baada ya hapo mwalimu na awaulize: kabla hujachuchumaa, je, mzigo huu utapita baina ya magoti yako? Ukipita, uvute karibu na uinuke nao. Usipopita, mwite mwenzako.