Pawa saplai ya kompyuta: Ibadilishwe lini, iachwe lini?

Kompyuta ya mezani inapozimika katikati ya kujaza tamko la forodha, hasara haiishii ofisini. Lori lenye mzigo wa transiti hubaki kwenye maegesho Tunduma, Namanga au Malaba, dereva hudai posho ya siku nyingine, na mwenye mzigo huanza kupiga simu. Matamko hupitia mifumo ya kompyuta kama TANCIS ya Tanzania, iCMS ya Kenya na ASYCUDA World ya Uganda, hivyo wakala ambaye mashine yake haiwaki ni sawa na aliyefunga ofisi.

Fundi akiitwa, mara nyingi ushauri wake huwa ni kununua pawa saplai kubwa zaidi. Wakati mwingine ushauri huo ni sahihi. Wakati mwingine fedha hutoka na tatizo hubaki palepale.

Kazi ya kifaa hiki

Pawa saplai ni kisanduku cha chuma kilicho ndani ya kasha la kompyuta, mahali ambapo waya wa umeme huchomekwa. Hupokea umeme wa ukutani, ambao katika nchi zetu ni wa volti 230 hadi 240, na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na sehemu za ndani.

Wati zilizoandikwa juu yake ni uwezo wake wa juu, si matumizi yake. Lori la tani 30 likipakiwa tani tano, hubeba tano tu. Vivyo hivyo, pawa saplai ya wati 500 haitumii wati 500 ikiwa kompyuta inahitaji 60. Kwa hiyo kununua kubwa hakuongezi kasi ya kompyuta.

Kwanza: chanzo ni pawa saplai kweli?

Dalili za pawa saplai iliyochoka ni kompyuta kujizima au kujiwasha upya inapopewa kazi nzito, harufu ya kuungua, feni yake kutozunguka, au kukataa kuwaka kabisa. Hata hivyo, vumbi, joto na memori mbovu huleta dalili zinazofanana na hizo.

Ni vyema fundi aanze kwa kufungia pawa saplai nyingine nzima kwa muda na kuangalia kama tatizo linakwisha. Aidha, anaweza kupima kwa mita: waya wa volti 12 unapaswa kusoma kati ya 11.4 na 12.6 kompyuta ikiwa inafanya kazi. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe, kwani ndani yake hubaki umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Ikiwa kompyuta huzimika pale tu umeme wa mji unapokatika au kushuka, kubadilisha pawa saplai si dawa. Hata iliyo bora hushikilia umeme kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja. Hapo kinachohitajika ni UPS, itakayompa mtumiaji dakika kadhaa za kuhifadhi kazi yake na kuzima kompyuta kwa utaratibu.

Pili: mzigo umeongezeka?

Kompyuta ya kawaida ya ofisini hutumia chini ya wati 100. Kampuni ya usafirishaji inayotaka skrini mbili, moja ya kufuatilia malori na nyingine ya nyaraka, huenda ikahitaji kadi ya picha. Kadi ndogo kama GT 1030 hutumia takriban wati 30 na hupata umeme wake kwenye tundu la bodi, ambalo hutoa hadi wati 75. Kwa kadi ya aina hiyo, pawa saplai nzima iliyopo kwa kawaida hutosha. Kadi kubwa zenye waya wake wa umeme ndizo hulazimu kuongeza uwezo.

Tatu: inayonunuliwa ni ipi?

Mnunuzi asome lebo, asitazame namba kubwa peke yake. Azidishe 12 kwa ampia zilizoandikwa kwenye safu ya volti 12. Kisanduku kilichoandikwa wati 500 lakini chenye ampia 16 tu kwenye safu hiyo hutoa wati 192 mahali zinapohitajika zaidi.

Ikumbukwe pia kuwa kompyuta nyingi za Dell na HP zilizotumika hutumia pawa saplai zenye plagi au umbo la kwao, hivyo ya kawaida ya dukani inaweza isiingie. Zile zenye swichi ndogo ya 115 na 230 nyuma zikaguliwe kabla ya kuchomekwa. Iliyotoka Marekani ikiwa bado kwenye 115 inaweza kuungua mara moja kwa umeme wetu.

Je, huokoa umeme?

Huokoa, lakini kidogo. Chukua kompyuta inayohitaji wati 60, saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 70 itatumia uniti 17.8, kwa ya asilimia 85, uniti 14.7. Tofauti kwa mwaka mzima ni takriban uniti 38. Mfanyabiashara azidishe kwa bei ya uniti ya nchi yake, kisha alinganishe na bei ya kifaa. Ofisi yenye kompyuta moja itasubiri miaka kadhaa kurudisha fedha hizo.

Uamuzi

Pawa saplai iliyothibitika kuwa mbovu ibadilishwe bila kuchelewa, kwani inaweza kuharibu bodi na diski yenye kumbukumbu za wateja. Ikiwa ni nzima na mzigo haujaongezeka, iachwe. Fedha hizo zielekezwe kwenye UPS na nakala ya pili ya nyaraka, kwa sababu gharama ya kweli ya kompyuta kuzimika huhesabiwa kwa siku ambazo lori limesimama mpakani.