Mgongo wa Mbwa: Upinde Unaobeba Mwili

Leo tunamgeukia mlinzi wa boma, yaani mbwa.

Huenda umewahi kuona mbwa aliyegongwa na gari. Anajikokota kwa miguu ya mbele, huku ile ya nyuma imelegea. Watu wenye huruma humshika miguu wakamvuta hadi kando ya barabara, kisha wakamrusha juu ya mkokoteni. Wanadhani wamemsaidia, kumbe huenda wamemwondolea nafasi ya kutembea tena. Kwa nini? Tuutazame mgongo wenyewe.

Mgongo wa mbwa ni mifupa midogo iitwayo pingili, iliyopangwa kama shanga. Shingoni kuna pingili 7, sawa na zako wewe. Kifuani kuna 13, zote zikiwa na mbavu. Kiunoni kuna 7, kisha 3 zilizoungana kwenye nyonga, halafu mkia. Ndani ya pingili hizo kuna tundu, na humo hupita kamba kuu ya mishipa ya fahamu, inayopeleka amri za ubongo hadi miguuni.

Kati ya pingili nyingi kuna diski, mfano wa mto mdogo. Nje ya diski ni nyuzi imara zilizozunguka, na ndani ni ute mzito. Mbwa akiruka, diski hubonyea na kupunguza mshindo.

Wengine husema kwamba mbwa, kwa kuwa anatembea kwa miguu minne, mgongo wake haubebi mzigo. Sivyo, msikilizaji. Fikiria upinde wa kuwindia. Mgongo ndio mti uliopinda, na misuli ya tumbo ndiyo kamba yake. Misuli ikikaza, pingili hubanwa moja dhidi ya nyingine. Mbwa akimfukuza sungura, upinde huo hukunjika na kunyooka, na hatua yake huwa ndefu.

Lakini upinde huu una mahali padhaifu. Kifua kimeshikwa na mbavu, hakipindi sana. Kiuno nacho hupinda vizuri juu na chini, ila hakivumilii kusokotwa. Shika fimbo kwa mkono kisha uipinde: itavunjikia pale mkono unapoishia. Vivyo hivyo, mgongo wa mbwa huumia sana pale kifua kinapokutana na kiuno, karibu na mbavu za mwisho.

Si ajali peke yake inayoleta shida hii. Mbwa wenye miguu mifupi na mgongo mrefu, kama Dachshund, ute wa diski zao hukauka na kuwa mgumu wakiwa bado wachanga. Siku moja mbwa anaruka kutoka kwenye kochi, na diski inapasuka. Nyuzi za diski ni nyembamba upande wa juu, kwa hiyo ute hufyatuka juu na kuigonga kamba ya fahamu. Jambo hili lilielezwa vizuri mwaka 1952 na Hansen, daktari wa mifugo wa Sweden.

Sasa, ufanye nini ukimkuta mbwa aliyeumia mgongo?

Kwanza, jilinde. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata mwenyewe. Mfunge mdomo kwa kitambaa, isipokuwa kama anapumua kwa shida au anatapika.

Pili, usimkunje wala kumsokota. Telezesha ubao chini yake, au gunia lililovutwa kwa nguvu na watu wawili. Kichwa, mgongo na nyonga visogee pamoja. Mfunge kwa shuka asijaribu kuinuka.

Tatu, usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofen, kwa mfano, huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake.

Nne, mfikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Daktari atamfinya kidole cha mguu wa nyuma. Mbwa akigeuza kichwa au kulia, kuna matumaini, maana ujumbe bado unafika kwenye ubongo. Kuvuta mguu peke yake hakutoshi.

Tahadhari moja kubwa. Kichaa cha mbwa nacho huweza kulegeza miguu. Kama hakuna aliyeona ajali, na mbwa anatokwa na mate mengi au amebadilika tabia, usimguse. Mwite afisa wa mifugo. Mbwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja.

Na kwa mbwa mzima, kinga ni rahisi. Asinenepe kupita kiasi, kwa maana tumbo zito huuchosha upinde. Ukimbeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua na wa pili chini ya makalio, mgongo ukiwa umelala sawa. Waambie watoto wasimwinue kwa miguu ya mbele kama mwanasesere.

Kumbuka: mgongo ulioumia hubebwa ukiwa umenyooka.